Kivuli cha Pluto Hakichagui Mtaa

Huku Mowlem mwanga huisha kwa njia mbili.

Ya kwanza ni stima kupotea. Uko kejani, mechi iko dakika ya themanini, halafu pap. Giza. Ploti nzima inapiga ile "aaah!" moja, kuanzia dukani chini hadi gorofa ya mwisho. Ya pili ni jioni. Jua linaingia upande wa tao, anga inakuwa ya machungwa, inakuwa zambarau, inakuwa kijivu, na kuna mahali hapo katikati unashtuka huoni tena nguo zako kwa kamba. Hakuna mtu amezima kitu. Mwanga umeondoka tu polepole.

Shikilia hiyo tofauti, pap na polepole, juu ndiyo ilituambia kwamba Pluto iko na hewa. Na leo nataka tubonge hiyo stori hadi mwisho, kwa sababu kuna kijana wa ploti yetu aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka. Nitalifikia.

Jioni huwa polepole kwa sababu ya hewa. Jua likishazama, hewa iliyo juu yetu bado inashika mwanga wake na kuutawanya, ndio unapata zile dakika za kumalizia kuanua nguo. Mwezini, ambako hewa karibu hakuna, jua likimaliza kuzama giza linashuka hapo hapo. Kwa hivyo mwanga ukififia polepole, kuna kitu kiko katikati yako na huo mwanga.

Sasa Pluto. Iko mbali hivi: mwanga unatoka kwa jua hadi kwetu kwa dakika nane, lakini kufika Pluto unachukua zaidi ya saa nne. Halafu ni ndogo. Upana wake ni kilomita 2,377, na Mwezi wetu una kama 3,474. Tangu Agosti 2006 inaitwa sayari kibete, na najua kuna wasee bado wana machungu na hiyo. Hata kwa darubini ya nguvu ukiwa hapa duniani, unaona nukta. Utajuaje nukta iko na hewa?

Unangoja ipite mbele ya nyota.

Wanaastronomia wanaita okultesheni. Sisi tuseme tu nyota kufunikwa. Ni ndugu ya kupatwa kwa jua. Wale mlikuwa mnaweza kushika kumbukumbu asubuhi ya Januari 15, 2010, Mwezi ulipita mbele ya jua na Nairobi ikaona jua limebaki pete. Kwa Pluto ni hivyo hivyo, ila kinachofunikwa ni nyota moja ya mbali. Mwanga wa hiyo nyota unakuja umenyooka, Pluto inauzuia, na kivuli cha Pluto kinapita juu ya dunia yetu. Huwezi kukiona kwa macho. Kinapita juu ya bahari, juu ya shamba la mtu, juu ya mji uliolala, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 20 kwa sekunde. Hiyo ni Nairobi hadi Mombasa kwa sekunde kama 20. Ukiwa ndani ya hicho kivuli na umeelekeza darubini kwa nyota, inapotea kwa dakika moja na nusu hivi, halafu inarudi.

Kila kitu kiko kwa venye inapotea. Kama kilichopita mbele ni jiwe tupu, nyota inazimika pap, kama stima. Kama kile kitu kina hewa, ile hewa inapinda mwanga kidogo kabla mwili wenyewe haujafika, na nyota inafifia polepole, kama jioni.

Juni 9, 1988, timu ya James Elliot kutoka MIT, Marekani, iliingia kwa ndege iliyokuwa na darubini ndani, ikaruka juu ya bahari ya Pasifiki kusini mwa Samoa. Walikuwa na ndege kwa sababu kivuli kilikuwa kinapita baharini, na huwezi kusimamisha darubini kwa maji. Nyota ilianza kufifia kabla ya wakati wa kuzimika. Haikuzimika pap. Hapo ndipo ulimwengu ulikubali kabisa kwamba Pluto, mahali penye baridi ya kama digrii 230 chini ya sifuri, iko na hewa. Nyingi yake ni naitrojeni, ile ile inayojaza sehemu kubwa ya hewa unayovuta hapo ulipo. Lakini ni nyembamba sana. Presha yake kule chini ni kama moja ya laki moja ya presha ya hewa yetu.

Si kila mtu huko mbali amebahatika. Novemba 2010 sayari kibete Eris ilifunika nyota, watu wakatazama kutoka Chile. Pap. Aprili 2011 ikawa Makemake. Pap. Kwa hivyo Pluto si ya kawaida, na hilo pia tulilijua kwa kutazama tu nukta ikizimika.

Halafu stori ikawa tamu zaidi. Pluto inazunguka jua kwa miaka 248, na ilikuwa karibu zaidi na jua mwaka 1989. Tangu hapo inaenda mbali. Sasa fikiria: inaenda mbali na moto, si hewa yake inafaa kuganda na kuanguka kama theluji? Watu wengi walitarajia hivyo. Mwaka 2002 kivuli kilirudi mara mbili, Julai na Agosti, wakapima, wakapata presha imeongezeka mara mbili tangu 1988. Ikaendelea kupanda. Kati ya 1988 na 2016 iliongezeka karibu mara tatu.

Mtu yeyote anayeishi gorofa ya mwisho anaweza kukuelezea hii bila hesabu. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu, lakini saa tatu usiku bado unalala na dirisha wazi, juu slabu iliyo juu ya kichwa chako imekunywa joto mchana kutwa na sasa inalirudisha. Pluto iko na slabu yake. Ni uwanda mkubwa wa barafu ya naitrojeni, unaitwa Sputnik Planitia, ndio nusu ya ule umbo la moyo mliona kwa picha. Hiyo barafu inachelewa kupata joto na inachelewa kupoa. Kwa hivyo hewa iliendelea kuongezeka hata jua likiwa linabaki nyuma. Vipimo vya Agosti 2018 kutoka Marekani na Mexico vilionyesha kupanda kumetulia. Juni 2020 darubini za Devasthal, India, zikaona hali hiyo hiyo: hewa imefika juu, imesimama. Kinachotarajiwa sasa ni kushuka, na mtu atakayekuwa akitazama ndiye atakayejua inashuka kwa kasi gani.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Si NASA ilituma chombo?" Ilituma. New Horizons iliondoka Januari 2006, ikapita Pluto Julai 14, 2015. Ikapiga zile picha kali, ikapima hewa, ikaona ukungu wa samawati, na ikaendelea na safari yake. Haikusimama, na haitarudi. Hiyo ni kama kupima homa ya mgonjwa siku moja. Unapata namba safi sana, lakini hujui kama jana ilikuwa juu au kesho itashuka. Vivuli ndivyo vinarudi. Miaka zaidi ya 30 ya hewa ya Pluto imeandikwa na vivuli, na ile siku moja ya chombo imekuja kuthibitisha kwamba namba za vivuli zilikuwa sawa.

Sasa lile swali.

Huyu kijana yuko karibu kuingia sekondari ya juu na anafaa kuchagua njia. Anataka masomo ya sayansi. Nyumbani wanamwambia achague kitu "ya kusaidia", na mjomba wake amemwambia waziwazi kwamba mambo ya anga ni ya watoto wa Runda. Alikuja juu kwa tanki, mahali napenda kurekodia vidio juu upepo unaficha kelele za barabara, akaniuliza: "Brathe, kwani mtu wa huku Mowlem anaweza pima kitu ya Pluto kweli, ama hizi ni stori tu za kutazama?"

Nilimwambia anipe wiki. Hili hapa ndilo jibu langu, na nimeliweka hadharani ndio mjomba pia alisome.

Kwa darubini nyingi za kazi ya anga, jibu lingekuwa hapana ya moja kwa moja. Wenye kioo kikubwa juu ya mlima mrefu ndio wanashinda. Lakini nyota ikifunikwa, ukubwa wa kioo si kitu cha kwanza. Kitu cha kwanza ni umesimama wapi. Kama kivuli kinapita Garissa na darubini ya mabilioni iko Hawaii, ile ya mabilioni haioni kitu. Itabaki inatazama nyota iking'aa kama kawaida. Mtu aliye na darubini ndogo, kamera, na saa iliyonyooka na GPS, akiwa amesimama Garissa, ndiye ana data. Ndio maana hii ni moja ya kazi chache za sayansi ambapo watu wasio na kazi ya uanasayansi, fundi, mwalimu, mzee amestaafu, wanatuma vipimo na vinatumika pamoja na vya maprofesa.

Na kuna mahali tayari imefanyika kwa watu wa kawaida. Kabla New Horizons haijafika kwa jiwe dogo la mbali zaidi linaloitwa Arrokoth, ilibidi lijulikane ukubwa na umbo. Juni 3, 2017, timu zilijipanga Afrika Kusini na Argentina na darubini za kubeba. Hakuna hata moja iliona nyota ikizimika. Julai 17 wakarudi Argentina, karibu na mji wa Comodoro Rivadavia, na darubini 24. Baridi kali, upepo wa kubeba mtu. Watu wa huko wakazima taa za barabarani. Barabara kuu ikafungwa kwa saa mbili ndio taa za magari zisiharibu. Malori yakapakiwa kuzuia upepo usitikise darubini. Darubini tano kati ya zile 24 ziliona. Tano! Na zilitosha kuonyesha kwamba lile jiwe huenda ni mawili yameshikana. Chombo kilipofika Januari 1, 2019, kilipata ndivyo lilivyo.

Hebu jaribu kuambia Mowlem izime mulika mwizi kwa saa mbili. Simu zenu zingehamia mtaa mwingine kabla nyota haijarudi. Natania, lakini si sana.

Agosti 4, 2018 zamu ikawa ya Senegal. Kivuli cha Arrokoth kilipita huko, na wanaastronomia wa Senegal walikuwa uwanjani na wenzao wa Marekani na Ufaransa, msimu wa mvua, wakipambana na mawingu. Mmoja wa waliokuwa mbele ni Maram Kaire, aliyeanza kwa kupenda nyota tangu utotoni na kuanzisha vikundi vya kutazama anga nchini mwake. Leo kuna asteroidi yenye jina lake. Hiyo ni Afrika, si filamu.

Kenya nayo? Sisi tumekuwa mahali pazuri zamani. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru, juu ilikuwa sikukuu yetu. Walichagua hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta, na kurusha kutoka ikweta kunaokoa mafuta. Waliochambua data walikuwa Marekani, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sina shida na yeye, aliifanyia kazi. Lakini nikisoma hiyo stori naona nchi iliyotoa mahali na jina. Kwa mambo ya vivuli, mahali ndiyo nusu ya kazi, na nusu ile nyingine si kubwa hivyo. Hapo ndipo sioni kwa nini tubaki tukitoa jina tu.

Kuna watu wameanza. Susan Murabana na Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope mwaka 2014, na wanazunguka na darubini mashuleni. Kuna watoto wa nchi hii wameona pete za Zohali kwa macho yao wenyewe kwa sababu mtu aliendesha gari na darubini hadi shuleni kwao.

Sasa najua komenti inayokuja: "Wewe si uliacha kampo? Unatuambia nini?" Niliacha, ndiyo. Mwaka wa pili, karo ilimshinda mathe, na mimi nikaanza kukata vidio za watu ndio nyumba ilipwe. Simwambii mtu aache shule, na simwambii mtu kwamba aliyeacha hana akili. Nataka tu mjue aliyeipata Pluto ni nani.

Clyde Tombaugh alikuwa kijana wa shamba huko Kansas. Mvua ya mawe iliharibu mazao ya familia, na mpango wa chuo ukaenda na hayo mazao. Akajitengenezea darubini mwenyewe, nyingine akitumia vipande vya gari bovu, akachora Mirihi na Mshtarii venye alikuwa anaziona, akatuma michoro kwa kituo cha Lowell, Arizona. Wakampa kazi. Februari 18, 1930, akiwa na miaka 24 na hana digrii yoyote, akaona nukta imesonga kati ya picha mbili. Hiyo ndiyo Pluto. Na hii sehemu watu wa "shule ni uongo" huwa wanairuka: baada ya hapo alienda chuo, akapata digrii yake 1936, akaendelea kusoma. Sehemu ya majivu yake iko ndani ya New Horizons, na ilipita kando ya Pluto pamoja na chombo.

Kwa hivyo, kijana wangu, jibu ni hili. Pluto yenyewe huwezi kuipima kutoka kwa roofu yetu. Ni hafifu sana, na anga ya Eastlands imejaa mwanga. Lakini kazi yenyewe, ile ya kujua saa, kujua umesimama wapi, kutazama bila kupepesa na kuandika ulichoona, unaweza kuianza mwezi huu. Mwezi husonga angani kwa kama upana wake mwenyewe kila saa moja, na njiani hufunika nyota. Pakua Stellarium kwa simu, ni ya bure. Tafuta siku Mwezi bado mwembamba na kuna nyota yenye mwanga karibu na upande wake wa giza. Azima darubini ya macho mawili, iegemeze kwa ukuta isitetemeke. Rekodi sauti kwa simu, na nyota ikipotea sema "sasa". Itapotea pap. Hapo utakuwa umepima mwenyewe kwamba Mwezi hauna hewa ya maana, na hutahitaji mjomba akuambie.

Na ukiona hakuna kilichozimika, andika pia, pamoja na saa. Mtu aliyesimama nje ya kivuli na akasema ukweli kwamba hakuona kitu, ndiye anaonyesha ukingo wa kivuli uko wapi. Zile darubini 19 za Argentina hazikupoteza usiku wao. Bila hizo, wale watano hawangejua jiwe linaishia wapi.

Chagua sayansi kama ndiyo unayotaka. Mjomba anaweza kuwa sawa kuhusu karo, na hilo ni swali la kweli ambalo nyinyi kama familia mnafaa kukaa chini mlizungumze. Lakini kuhusu Runda amekosea. Kivuli hakiulizi mtu anaishi wapi. Kinapita tu, na swali ni kama kuna mtu hapo chini yuko macho.

Wikendi ya kwanza ambayo Mwezi na mawingu vitakubali, tutakuwa juu kwa tanki. Nitaweka tarehe hapa na kwa grupu. Keateka ameshasema ni sawa bora tusikanyage nguo za watu. Kujeni na sweta, na mwenye darubini ya macho mawili aiseme mapema, juu kwa sasa tuko na moja tu na ni ya kuazima.